Jeshi la majini la Kongo: pwani finyu, mto mpana, boti za kuazima

Mkazi wa Yahuma akitaka kwenda kuiona bahari ya nchi yake, ana safari ndefu kuliko ya Mtanzania anayetoka Kigoma kwenda Dar es Salaam. Kwanza atatafuta njia ya kufika ukingoni mwa Mto Kongo. Kisha atapanda boti ya mbao au tishari lililosheheni mafuta ya mawese, mahindi na watu, ateremke na maji kwa siku nyingi hadi Kinshasa. Hapo mto unakatwa na maporomoko, kwa hiyo atashuka na kufuata barabara au reli hadi Matadi, ndipo aendelee kuelekea Boma, Muanda na mwisho Banana.

Huko Banana ndiko Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo (DRC) inakogusa Bahari ya Atlantiki, na inaigusa kwa ncha ya kidole tu. Nchi yenye zaidi ya kilomita za mraba milioni 2.3 ina pwani ya kilomita 37 hivi, ambayo ni fupi kuliko mwendo wa kutoka Dar es Salaam hadi Bagamoyo.

Hata hivyo, DRC ina jeshi la majini. Katiba ya mwaka 2006, katika ibara ya 187, inalitaja pamoja na jeshi la nchi kavu na jeshi la anga kuwa sehemu ya majeshi ya nchi. Taasisi ya IISS ya London, inayofuatilia nguvu za majeshi duniani, imekuwa ikikadiria kuwa lina watu 6,700 hivi, wakiwamo askari wa miguu walio chini yake. Hesabu hiyo inaweza kumfanya msomaji adhani kuna manowari zimejipanga baharini. Ukweli ni kwamba kazi kubwa ya askari hao iko mbali sana na bahari. Iko kwenye mto na maziwa, katika maeneo kama Tshopo, mkoa ambao Yahuma ni mojawapo ya wilaya zake saba, au teritware kama Wakongo wenyewe wanavyoziita.

Historia ya maji hayo ina jambo moja linalojirudia kiasi cha kushangaza. Karibu kila mara hatima ya Kongo ilipoamuliwa majini, boti zilizoamua zilikuwa za mtu mwingine.

Mitumbwi 54 ya Basoko

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Februari 1, 1877, Henry Morton Stanley alikuwa akiteremka mto usiojulikana kwa Wazungu, baada ya kuagana na Tippu Tip, mfanyabiashara maarufu kutoka Zanzibar aliyekuwa amemsindikiza kwa sehemu ya njia. Alipofika mahali ambapo mto Aruwimi unaingia Mto Kongo, ulipo mji wa Basoko leo, alikuta maji yamejaa mitumbwi ya vita. Alihesabu 54. Mkubwa kuliko yote, kwa maelezo yake, ulikuwa na wapiga kasia 80, arobaini kila upande.

Stanley hakuwa mtu wa kupunguza chumvi, na kitabu chake alikiandika ili kiuzwe. Lakini hata ukikata nusu ya alichosimulia, kinachobaki ni kundi la vyombo lenye mpangilio, lenye amri moja na lenye watu waliojua mkondo kwa kina kuliko mgeni yeyote. Basoko inapakana na Yahuma. Kwa maneno mengine, jeshi la kwanza la majini linaloelezwa kwa maandishi katika eneo hilo lilikuwa la wenyeji, na lilikuwa likilinda mto wao.

Bunduki za Stanley zilishinda siku hiyo. Kilichofuata kilikuwa kizito zaidi. Mwaka 1881 boti ndogo ya mvuke iliyoitwa En Avant ilishushwa majini kwenye bwawa pana la mto, ilipo Kinshasa leo, baada ya kupitishwa kando ya maporomoko kwa nguvu za wapagazi. Mwishoni mwa 1883 Stanley alirudi hadi kwenye maporomoko ya Boyoma, akaanzisha kituo ambacho kilikuja kuwa mji wa Kisangani. Kuanzia hapo, mwenye boti ya mvuke ndiye aliyeamua nani anapita, nani analipa na kijiji gani kinachomwa moto.

Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alilielewa hilo mapema. Katika mazungumzo ya miaka ya 1884 na 1885 alipigania kwa nguvu zote apate mlango wa mto, huku Ureno ikibaki na Cabinda upande wa kaskazini na Angola upande wa kusini. Ndiyo maana pwani ya Kongo ni kipande chembamba kilichobanwa kati ya ardhi mbili zilizokuwa za Wareno. Leopold hakuhitaji bahari ndefu. Alihitaji tundu la kutolea pembe na mpira.

Basoko yenyewe iligeuzwa kambi ya kijeshi mwaka 1889. Wakati huo Tippu Tip alikuwa liwali wa Stanley Falls kwa makubaliano ya 1887 na serikali ya Leopold, na kambi ile ilikuwa jicho la kuwachunga wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu. Vita kati ya pande hizo mbili vilipoanza mwaka 1892, mto ndio uliokuwa barabara. Mei 1893 Kapteni Chaltin alipanda mto kutoka Basoko na kufika Stanley Falls kuwaokoa wenzake. Kiswahili kinachosikika Kisangani hadi leo, kikigombea nafasi na Kilingala sokoni na gatini, kilibaki baada ya vita hivyo, ila waliokileta walikuwa wameshapoteza njia ya maji.

Mimi na Toutou

Kisa kinachojulikana zaidi cha vita vya majini katika ardhi ya Kongo hakikutokea mtoni. Kilitokea Ziwa Tanganyika, na kina mambo ambayo mtunzi wa riwaya angeona aibu kuyabuni.

Agosti 1914 meli ya Wajerumani iitwayo Hedwig von Wissmann ilivuka ziwa kutoka upande wa Kigoma na kuishambulia meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, hadi haikuweza tena kufanya kazi. Kwa pigo hilo moja ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 650 likawa la Wajerumani. Februari 1915 waliongeza kubwa kuliko zote, Graf von Goetzen. Hiyo iliundwa Ujerumani, ikafunguliwa vipande, ikafungwa kwenye makasha 5,000 hivi, ikapelekwa Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli, kisha ikaunganishwa upya.

Wabelgiji hawakuwa na chombo cha kujibu. Waliokuja nacho ni Waingereza. Mwindaji wa tembo aitwaye John Lee aliwashawishi wakuu wa jeshi la majini mjini London kwamba boti ndogo zenye kasi zinaweza kufikishwa ziwani kupitia Kongo. Boti mbili zenye urefu wa mita 12 hivi zikatafutwa, na uongozi akapewa Geoffrey Spicer-Simson, ofisa ambaye kazi yake hadi hapo haikuwa imempa sifa. Alipendekeza boti ziitwe Paka na Mbwa. Wakuu wakakataa, wakakubali Mimi na Toutou, bila kugundua kuwa ni milio ya wanyama hao hao kwa Kifaransa.

Safari yao ndiyo iliyokuwa vita hasa. Kutoka Cape Town boti zilikwenda kwa reli hadi Fungurume, Katanga. Reli ilipokwisha, zilivutwa na matrekta ya mvuke na ng'ombe juu ya milima ya Mitumba. Daraja baada ya daraja lilijengwa, njia ikakatwa msituni, na kazi hiyo ilifanywa na maelfu ya Waafrika ambao majina yao hayamo katika vitabu vinavyomsifu Spicer-Simson. Baadaye zilipanda reli tena, zikateremka mto Lualaba, zikapanda reli kutoka Kabalo na kufika ziwani mwishoni mwa Oktoba 1915, karibu na Kalemie ya leo.

Desemba 26, 1915 zilimkamata Mjerumani mdogo, Kingani, ambaye Waingereza walimbadilisha jina na kumwita Fifi. Februari 9, 1916, Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Wajerumani wenyewe wakaizamisha Goetzen karibu na Kigoma Julai 26 mwaka huo, siku chache kabla mji haujaingia mikononi mwa jeshi la Wabelgiji, ambalo askari wake wengi walikuwa Wakongo. Septemba askari hao walikuwa wameshaingia Tabora.

Wengi wa wasomaji wa Tanzania wanaijua Goetzen kwa jina lake la pili. Iliibuliwa kutoka chini ya ziwa mwaka 1924, na tangu 1927 imekuwa MV Liemba.

Kisa hicho ndicho kilichomwongoza mwandishi C. S. Forester kutunga riwaya yake ya mwaka 1935, The African Queen. John Huston alipokuja kuipiga filamu mwaka 1951, sehemu ya picha zilichukuliwa kwenye mto Ruiki, karibu na Ubundu, ambako leo ni mkoa wa Tshopo. Kwa hiyo mamilioni ya watazamaji wa sinema duniani waliona maji ya jirani wa Kisangani wakiambiwa ni maji ya Tanganyika ya Wajerumani.

Uhuru bila meli

Juni 30, 1960 Kongo ilipata uhuru ikiwa na jeshi la nchi kavu lililokuwa bado na maofisa wa Kibelgiji, na bila meli ya kivita ya maana. Haikupita hata wiki mbili kabla pengo hilo halijaonekana. Julai 11, meli za kivita za Ubelgiji zilipiga mabomu bandari ya Matadi, ingawa Wazungu wengi walikuwa wameshaondolewa mjini. Wakongo waliuawa, na habari zilipoenea kambini zilichochea zaidi uasi wa askari uliokuwa umeanza. Serikali ya Patrice Lumumba haikuwa na hata boti moja ya kuzuia jambo lile kwenye mlango wa mto wake yenyewe.

Miaka minne baadaye waasi wa Simba waliiteka Stanleyville, yaani Kisangani, Agosti 1964. Novemba 24 makomando wa Ubelgiji walitua mjini kwa ndege za Marekani. Waasi walisukumwa mashariki, na silaha zao zikawa zinapita kwa boti kutoka Kigoma. Aprili 1965 Ernesto Che Guevara naye alivuka ziwa hilo kwa siri kwenda kuwasaidia.

Serikali ya Kongo ilihitaji kulifunga ziwa, na kwa mara nyingine haikuwa na vyombo. Shirika la ujasusi la Marekani, CIA, ndilo lililovileta. Boti za mwendo kasi zilifikishwa vipande vipande, zikaunganishwa Albertville, ambayo ni Kalemie, na kukabidhiwa Wakuba waliokuwa wamemkimbia Fidel Castro. Basi usiku, katika maji ya Afrika ya Kati, Mkuba wa Castro alikuwa akivuka huku Mkuba wa Miami akimwinda, na wote wakijidai wako kwa ajili ya Wakongo. Novemba 1965 Che aliondoka kwa njia ile ile ya ziwa, akiwa ameshindwa.

Chini ya Mobutu jeshi la majini lilipata vyombo vyake. Boti za doria za aina ya Shanghai II zilitoka China, nyingine ndogo zilitoka Marekani na kwingineko, kama ilivyokuwa desturi ya kiongozi huyo kukamua kila upande wa Vita Baridi. Matunzo ndiyo yaliyokosekana. Boti ya kivita haivumilii kusahauliwa gatini: chumvi inaila pale Banana, matope na magugu ya maji yanaisonga pale Kinshasa, na injini isiyo na vipuri hugeuka chuma chakavu. Utawala wa Mobutu ulipofikia mwisho Mei 1997, orodha ya meli ilikuwa ndefu kuliko idadi ya meli zinazoweza kung'oa nanga.

Udhaifu huo ulionekana waziwazi Agosti 1998. Wanajeshi kutoka Rwanda na washirika wao walisafirishwa kwa ndege kutoka Goma hadi Kitona, upande wa pili wa nchi, wakaichukua pwani pamoja na Banana, kisha wakafika kwenye bwawa la umeme la Inga. Kilomita 37 za bahari za Kongo zilitekwa na watu waliotoka Kivu kwa ndege. Walioingia kuwaondoa ni majeshi ya Angola na Zimbabwe.

Mto uliokatwa

Kwa watu wa Kisangani na wilaya zinazouzunguka mji huo, miaka iliyofuata ilifundisha maana ya ulinzi wa maji kuliko kitabu chochote.

Kutoka Kinshasa hadi Kisangani mto unapitika kwa kilomita zipatazo 1,700 bila kizuizi cha maporomoko. Huo ndio uti wa mgongo wa nchi. Chumvi, sabuni, dawa, misumari na nguo hupanda. Mchele, mihogo, mawese, samaki wa kukaushwa na magogo huteremka. Mara tu vita vilipoanza, uti huo ulikatwa vipande. Serikali ilibaki na Mbandaka. Kundi la MLC la Jean-Pierre Bemba lilishika Lisala na Bumba. Kundi la RCD lilishika Kisangani, mji ambao Juni 2000 uligeuzwa uwanja wa vita vya siku sita kati ya majeshi ya Rwanda na Uganda.

Mkulima wa Yahuma, aliye kati ya Bumba na Kisangani, hakuwa na haja ya ramani kuelewa. Mchele wake haukuwa na pa kwenda. Kisangani ilikuwa ikipata bidhaa kwa ndege, na kilichoshuka kwenye ndege kilikuwa na bei ya ndege. Ndani ya mji, baiskeli za abiria ziitwazo toleka zikawa ndiyo usafiri.

Hapa ndipo nchi ndogo kabisa inapoingia katika kisa hiki. Uruguay iko kati ya Brazil na Argentina na ina watu wapatao milioni tatu na nusu, wachache kuliko wakazi wa Dar es Salaam. Haina adui wa wazi wala meli kubwa za kutisha. Lakini mji wake mkuu, Montevideo, uko kwenye mlango wa mto mkubwa, na mabaharia wake wamezoea maji yenye matope na mchanga unaohama. Mwaka 2001 Umoja wa Mataifa ulipotafuta watu wa kulinda Mto Kongo chini ya ujumbe wa MONUC, Uruguay ilitoa kikosi cha doria ya mtoni.

Boti zao ndogo zilifanya kazi Kinshasa, Mbandaka na Kisangani, na pia Ziwa Tanganyika. Walisindikiza matishari, walipima kina, walibeba waangalizi wa amani hadi kwenye gati ambazo hazikuwa zimeona chombo cha upande wa pili kwa miaka mingi. Hawakupiga vita vikubwa na haikuwa kazi yao. Kazi yao ilikuwa kuonekana, ili nahodha wa tishari aamini kuwa akipita kona inayofuata hatapigwa risasi. Mto ulifunguka taratibu, na bei ya chumvi ikaanza kuwa habari ya kawaida.

Hilo ni jambo la kutafakari kwa wanaopima jeshi la majini kwa urefu wa meli zake. Boti chache za nchi ya watu milioni tatu na nusu ziliwafaa watu wa Tshopo kuliko boti zote za Shanghai zilizopata kufungwa kamba Banana.

Lakini zilikuwa, tena, boti za kuazima.

Kazi ya leo

Jeshi la sasa, FARDC, lilizaliwa katika serikali ya mpito ya 2003 kwa kuchanganya askari wa serikali na wa makundi ya waasi. Kikosi cha majini kilijengwa kwa namna hiyo hiyo, ndiyo maana wengi wa waliomo ni askari wa miguu waliovaa sare ya majini. Halikuwa tawi la kudharauliwa moja kwa moja: Novemba 2008, ofisa wa jeshi la majini, Didier Etumba, aliteuliwa kuwa mkuu wa majeshi yote. Ila cheo cha mkuu hakileti mafuta kwenye tangi la boti.

Mambo matatu yanaonyesha kazi ilivyo ngumu. Aprili 4, 2010, siku ya Pasaka, waasi wa Enyele walifika Mbandaka kwa njia ya mto na kuuteka uwanja wa ndege kwa muda. Mji mkuu wa mkoa ulivamiwa kutoka majini, na hapakuwa na doria iliyowaona mapema. Julai 2018, katika Ziwa Edward, wanajeshi wa majini wa Kongo na wa Uganda walirushiana risasi na watu wakafa, katika ziwa ambalo mpaka wake hauonekani na mvuvi anaweza kuuvuka akifuata nyavu zake. Na mwanzoni mwa 2025 kundi la M23 liliiteka Goma, kisha Bukavu, miji miwili mikubwa ya Kongo kwenye Ziwa Kivu.

Upande wa bahari, DRC imo katika makubaliano ya Yaoundé ya Juni 2013 ya kupambana na uharamia katika Ghuba ya Guinea. Kuna visima vya mafuta pwani ya Muanda, na kuna bandari ya kina kirefu inayojengwa Banana na kampuni ya DP World, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa na Rais Félix Tshisekedi Januari 2022. Ni wazi kwamba bandari hiyo itahitaji ulinzi, na kila atakayeomba bajeti ya meli mpya ataitaja.

Hata hivyo, hatari inayomkabili mkazi wa Tshopo haitoki baharini. Wanaokufa majini Kongo hawauawi na maharamia. Aprili 2025 boti ya mbao iitwayo HB Kongolo ilishika moto karibu na Mbandaka, moto ulioelezwa kuanza abiria alipokuwa akipika ndani, na zaidi ya watu 140 walifariki. Septemba mwaka huo huo, ndani ya siku mbili, ajali mbili katika mkoa huo huo wa Equateur, moja Basankusu na nyingine Lukolela, ziliua watu wanaokaribia 200. Rais aliagiza mwaka 2019 kwamba kila abiria avae jaketi la kuokolea. Agizo hilo linajulikana. Majaketi ni machache.

Boti hizo ndizo zinazobeba Yahuma. Huundwa kwa mbao ukingoni, hufungwa injini, hupakiwa hadi maji yakaribie ukingo wa chombo, na mara nyingi husafiri gizani bila taa. Hakuna anayepanda kwa kutojua hatari. Hupanda kwa sababu barabara, hasa wakati wa mvua, ni jina tu.

Na hapo ndipo askari wa majini anapokutana na mwananchi. Kwa mfanyabiashara wa mtoni, sare si lazima iwe habari njema. Malalamiko ya wasafirishaji ni ya miaka mingi na yanafanana kutoka gati hadi gati: kila kituo kina meza, kila meza ina daftari, na nyuma ya daftari kuna mtu wa idara fulani anayetaka chochote kabla ya kuruhusu chombo kiondoke. Askari wa jeshi ni mmoja tu wa wengi kwenye foleni hiyo, pamoja na idara ambazo hata jina lake nahodha halijui. Askari asiyelipwa kwa wakati, aliyepewa bunduki na kona ya mto lakini hakupewa mafuta ya boti, atafuata njia iliyo rahisi: atasubiri vyombo vije kwake. Doria inageuka kizuizi. Mwishowe anayelipa ni mama wa Yahuma anayeuza gunia la mchele Kisangani, kwa kuwa kila meza aliyopita imekula konzi moja.

Lipo suala jingine ambalo wakubwa wa Kinshasa hawalioni kila siku. Kisangani hakuna daraja la kuvuka Mto Kongo. Upande wa kushoto kuna wilaya ya mjini ya Lubunga, na maelfu ya watu huvuka kwa mitumbwi kwenda sokoni, shuleni na hospitalini. Mwaka 2023 ugomvi wa ardhi kati ya jamii za Wambole na Walengola ulipogeuka mauaji, waliokimbia vijiji vya upande huo walielekea mtoni, na mtumbwi ndio uliowavusha. Wakati kama huo ndipo jeshi la majini linapokuwa na maana ambayo mtoto anaielewa: boti yenye injini inayofanya kazi, askari wanaojua kuogelea, na mtu wa kusimamia uvukaji bila kudai nauli mara mbili.

Nchi nyingine zimeshakubali ukweli wa aina hii. Bolivia ilipoteza pwani yake kwa Chile katika vita vilivyoanza 1879, lakini ina jeshi la majini linalofanya kazi Ziwa Titicaca na kwenye mito inayoingia Amazon. Paraguay nayo haina bahari, na boti zake ziko mitoni. Hawaoni haya kuitwa mabaharia wa maji baridi, na vyombo wanavyonunua vinafanana na maji waliyo nayo.

Kongo ina maji ya aina hiyo mengi kuliko wote hao: kilomita zipatazo 15,000 za njia za mito na maziwa zinazopitika. Boti ya kulinda njia hizo si lazima itoke Ulaya ikiwa kwenye makasha 5,000. Inahitaji kina kifupi ili isikwame kwenye mchanga, injini ambayo fundi wa Kisangani anaweza kuifungua na kuifunga, redio, taa kubwa ya usiku, kamba na majaketi. Inahitaji pia mafuta ya kutosha kuifikisha Basoko na kuirudisha.

Mafundi wa kutengeneza vyombo wapo. Pembezoni mwa mto, wajukuu wa waliopiga kasia mwaka 1877 bado wanachonga mitumbwi kutoka gogo moja na kuunganisha mbao za boti zinazobeba tani nyingi hadi Kinshasa. Hadi sasa wanaunda kwa ajili ya wafanyabiashara.